Mbwa Asiyeitwa Saa ya Kula

Jina la mbwa huyu sitaliandika hapa. Si kwamba nimelisahau. Nalikumbuka kuliko namba yangu ya chuo. Ila lina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, anaishi karibu na kwetu, na anajua kusoma.

Kwetu, milimani kule Kivu ya Kusini, mbwa hapewi jina la kumpendeza yeye. Anapewa jina la kumfikia jirani. Mtu asiyeweza kusimama uani kwa mwenzake na kumwambia ukweli huchukua mbwa mdogo, akaufanya ukweli ule kuwa jina lake, kisha kila jioni humwita aje kula. Jirani anasikia. Atajibu nini? Nani anayegombana na mtu anayeita mbwa wake?

Aliyempa huyu jina alikuwa mzee jirani yetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mtu mwenye mdomo mzuri na shamba baya. Shamba lake lilipakana na la mwenyekiti wa kijiji, na kati yao ulipita mstari wa mihogo. Mzee alidai kwamba ule mstari ulikuwa unatembea kila msimu, na siku zote ulitembea kuelekea upande mmoja. Kesi hakushinda. Akafuga mbwa jike, wa rangi ya udongo mkavu, sikio moja limesimama na jingine limelala, akampa jina ambalo ni sentensi nzima ya lugha yetu ya nyumbani. Kwa Kiswahili cha adabu ni kama kusema kwamba anayekula shamba la mwenzake hashibi. Kwa lugha yetu halina adabu hiyo.

Miaka mingi mwenyekiti alikula chakula chake cha jioni huku akisikia hivyo.

Kisha mzee na jamaa yake wakapata safari ya kuhamia ng'ambo. Walipanda mabasi meupe kwenye kiwanja kilicho karibu na ofisi ya kambi, wakaenda kupanda ndege, wakatuachia vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa velo, yaani baiskeli, ya kijana wao, rika langu, velo ya milimani yenye matairi mapana na gia nyingi ambazo nusu yake hazikutii. Cha pili kilikuwa mbwa. Velo niliitaka. Mbwa sikuulizwa. Kila jioni, jua likianza kushuka, aliondoka uani kwetu akaenda kukaa kwenye kile kiwanja, akitazama barabara ambayo mabasi yalipita. Mimi nilikwenda kumchukua, nikimvuta kwa kamba, kwa sababu kumwita kwa jina lake kulikuwa jambo ambalo sikuthubutu. Nilimwita "we". Nilimwita "mbwa". Nilipiga mluzi. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize.

Nilikuwa nimemaliza chuo Mbarara na kurudi nyumbani, nikisubiri kazi. Kusubiri huko ndiko kulikonifundisha kufikiri vibaya. Nikituma maombi ya kazi nilihesabu makosa ambayo huenda nimeandika. Nikikosa jibu nilitunga jibu mwenyewe, kisha nikalikasirikia. Usingizi haukukaa. Miguu ilitaka kwenda, lakini kwenda wapi? Hapa mtu huondoka kwa sababu ya vita, ya soko au ya makaratasi. Kuondoka kwa sababu miguu inawasha si jambo la kumweleza mtu.

Ndipo Jumapili moja ya kiangazi, baada ya ibada, mwenyekiti alisimama akatangaza. Mbwa wa kuzurura wameuma mbuzi, kesho wataanza kuuma watoto. Kila mwenye mbwa amchanje, amlete uani kwa mwenyekiti na karata ya chanjo Jumatatu ya wiki ijayo. Mbwa asiye na karata na asiye na mwenyewe atawekewa sumu.

"Hata ile inakaakaa pale kwa mabasi," aliongeza, bila kunitazama. Kutonitazama kwake ndiko kulikonikaa kichwani wiki nzima.

Je, alimaanisha kwamba nikimchanja atakuwa salama? Au alimaanisha kwamba hata nikimchanja, mwenyewe alishapanda ndege, kwa hiyo hana mwenyewe? Nilifikiri kwenda kumuuliza. Kisha nikafikiri kwamba kuuliza ni kumwonyesha kwamba namshuku. Sikwenda.

Mwenye bodaboda niliyemwomba atupeleke mpaka Kabingo kwa daktari wa mifugo alicheka mpaka akashuka kwenye pikipiki. "Imbwa ikae kwa kiti, kisha mama fulani akae fasi ile ile na kitenge yake ya kanisa? Ndugu, unataka nikufe njaa?"

Kwa hiyo ikawa velo. Nikisema kweli, nilifurahi. Hatimaye nilikuwa na sababu.

Baba alinisaidia kufunga sanduku la mbao la kubebea nyanya juu ya keria, akalikaza kwa mipira ya tyubu kuukuu. Hakusema mengi. Mama alisema kwa ajili ya wote wawili.

"Batoto ya benzao banabeba diplome kwenda kutafuta kazi. Wangu anabeba imbwa kwa daktari."

"Mama, watamuua."

"Najua." Alikuwa anafunga mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba. "Hii ni yako. Hii ndogo ni ya ile bibi yako ya masikio mbili tofauti. Na usimuite jina yake njiani, batu ya kwetu biko kila fasi."

Tuliondoka Alhamisi asubuhi, vumbi likiwa bado limelala. Mbwa hakutaka sanduku. Alikaa humo kama anayepigwa picha ya kitambulisho, shingo imenyooka, mpaka mwisho wa nyumba za kijiji, kisha akaruka chini, na kuanzia hapo akakimbia pembeni ya gurudumu la mbele. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Nyumbani alitembea tu, kwenda na kurudi kiwanjani. Sasa masikio yote mawili yalilala nyuma na ulimi ukatoka upande mmoja, na mimi nikajikuta nakanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kiangazi kilikuwa kimeiva. Nyasi za vilimani zilikuwa za rangi ya mbwa, hivi kwamba akiingia kichakani nilibaki naona sikio moja tu. Ziwa lilikuwa nyuma yetu, jeupe kwa jua. Ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wanashushwa kwenda kunywa maji, wakaijaza barabara yote, nikasimama na kumshika mbwa shingo huku nikiwaza: akibweka, ng'ombe watatimka, wakitimka, mmoja atavunjika mguu, akivunjika mguu, mimi na baba tutalima maisha yetu yote kumlipa Mnyankole mwenye ng'ombe. Mbwa hakubweka. Alipiga miayo. Mchungaji alipita, akanitazama mimi, sanduku, mbwa, kisha akauliza kwa kile Kiswahili cha huku, "Wewe nauza?"

"Hapana, ninatembea naye tu."

"Natembea." Alilionja neno. "Na mbwa." Akaendelea na safari yake akitikisa kichwa, na nilimsikia akimweleza mwenzake wa nyuma, na wa nyuma akacheka.

Baada ya hapo ni kupanda. Velo ya milimani haimaanishi kwamba mlima umekubali. Gia niliyoihitaji ilikuwa mojawapo ya zile zisizotii. Cheni ilipanda, ikasita, ikarudi. Nilishuka nikasukuma, nikapanda tena, nikashuka. Kwenye mteremko breki za nyuma zililia kama mtoto anayenyimwa titi, na mbwa, aliyekuwa amerudi sandukuni kwa hiari yake, aliegemeza kidevu kwenye mgongo wangu. Kidevu chenye joto. Kwa muda ule wa mteremko sikufikiri chochote, na nilipogundua kwamba sifikiri chochote, nikaanza kufikiri juu ya hilo.

Kabingo tulifika jua likiwa kali. Daktari wa mifugo alikuwa mtu mnene mwenye buti za mpira, amekaa kivulini anakula ndizi.

"Chanjo? Ssebo, dawa naisha. Juzi naisha. Watu ya ng'ombe nakuja, watu ya mbwa nakuja, banange! Wewe natoka wapi?"

"Nakivale."

"Na hii baiskeli?" Alisimama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. "Kale, sawa. Enda Mbarara, kule Kamukuzi, kuna ofisi. Kule dawa iko. Hii mbwa iko kali?"

"Hapana."

"Basi iko na nini? Mbona naangalia mimi hivyo?"

Mbwa alikuwa anaangalia ndizi. Daktari akamgawia nusu, na mbwa akaila, na sisi wawili tukashangaa.

Hapo ningeweza kurudi. Nilikaa ukingoni mwa lami na kupanga mawazo yangu kama mtu anayepanga nyanya sokoni, nzuri juu, mbovu chini. Mbarara ilikuwa mbali bado, na milima bado. Nikirudi sasa, Jumatatu atakufa, na nitasikia. Nikienda na chanjo ikawa imekwisha huko pia, atakufa vilevile, nami nitakuwa nimemchosha kwanza. Lakini lami ilikuwa nyeusi na laini, ikishuka mbele yangu kati ya migomba, na miguu yangu ilishaamua kabla yangu.

Tulikuwa karibu kuingia mjini, katika msongamano wa malori, ndipo basi jeupe likatupita.

Halikuwa basi la waondokao. Lilikuwa basi la shule au la kanisa, sijui. Niliona vichwa vinaimba. Lakini lilikuwa jeupe, na mbwa alitoka sandukuni kama jiwe kwenye manati. Aliruka juu ya bega langu karibu aning'oe, akaanguka kwenye lami, akainuka, akalifuata. Lori lilipiga honi. Nikaitupa velo majanini nikakimbia.

Niliita "we!" Niliita "mbwa!" Nilipiga mluzi mpaka mate yakaisha. Basi lilikata kona, na mbwa akawa doa la udongo kati ya magurudumu ya magari. Ndipo nikaita jina.

Sijawahi kuliita kabla ya siku ile. Lilitoka zima, sentensi yote, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mbele ya wauza mananasi, mafundi wa matairi na askari wa barabarani. Hakuna aliyeinua kichwa kwa matusi yake. Hakuna aliyejua kwamba ni matusi. Niliita tena, zaidi. Nilimwambia mwenyekiti, kupitia Mbarara nzima, yale ambayo jirani yetu alimwambia miaka yote, na nikiwa nakimbia hivyo nilihisi kitu ambacho ni aibu kukisema: raha.

Doa likasimama. Likageuka. Akarudi akichechemea kidogo, akipita kati ya miguu ya watu kama anayeomba radhi, akakaa mbele yangu, masikio yakiwa mahali pake, moja juu, moja chini. Kwa mara ya kwanza alinitazama kama mtu anayenijua.

Muuza mananasi mmoja akauliza, "Nini hiyo unasema?"

"Jina lake."

"Yote?"

"Yote."

"Mpaka umalize, gari imeua yeye," alisema, akaendelea kumenya.

Usiku ule nililala kwa rafiki yangu wa chuo, Mrundi anayetengeneza simu mjini na kupanga chumba nyuma ya duka. Alimruhusu mbwa alale mlangoni kwa sharti kwamba asiguse rozari iliyoning'inia kwenye msumari. Alipika wali, akacheka hadithi yote, akalitaka jina, nikamtafsiria, akacheka tena mpaka jirani akagonga ukuta.

"Sasa sikiliza," alisema alipotulia. "Kaa huku. Mwache na mbwa akae huku. Nitakutafutia meza hapo dukani. Kule unarudi kufanya nini? Kusubiri?"

Swali lilinikasirisha, kwa sababu ni lile lile ninalojiuliza kila siku. Nilimwambia kwamba mbwa angekaa siku zote barabarani akifukuza kila basi jeupe, na Mbarara ina mabasi mengi kuliko maisha ya mbwa mmoja.

"Nimeuliza juu yako," alisema.

"Na mimi nimekujibu juu ya mbwa."

"Ndiyo shida yako, ndugu." Akazima taa.

Asubuhi tukapanda Kamukuzi. Ofisi ilikuwa chumba kidogo nyuma ya majengo ya serikali, chenye harufu ya dawa na manyoya yaliyolowa, na mwanamke kijana wa koti jeupe aliyefanya kazi bila maneno ya ziada. Alimshika mbwa ngozi ya shingo, sindano ikaingia na kutoka kabla mbwa hajaamua kama akasirike. Mguu wa kuchechemea aliukunja, akaukunjua, akasema ni mchubuko tu. Chanjo ilikuwepo. Kwa siku mbili nilijiandaa kwa kila ubaya isipokuwa huo wema, na sikujua niuweke wapi.

Akavuta karata. Aliandika jina langu. Kisha akauliza, "Jina la mbwa?"

Hapa ndipo nilipofikiri sana, na kila mara nikifikiri sana, kitu huharibika. Karata itasomwa na mwenyekiti. Nikitaja jina lenyewe, nitakuwa nimempelekea matusi yake yakiwa yamepigwa muhuri wa serikali. Nikisema hana jina, mbwa asiye na jina ana mwenyewe gani? Mwanamke alisubiri, kalamu juu.

"Simba," nilisema.

"Simba," aliandika, bila kumtazama mnyama aliyekuwa amejificha nyuma ya miguu yangu.

Nilitoka pale najiona mjanja kabisa. Ujanja ule ulidumu mpaka tulipovuka mji na kuanza milima ya kurudi. Hapo swali likanijia: na kama hajibu kwa Simba? Basi njia nzima ya kurudi ikawa shule. Nilinunua chapati, nikaikatakata, nikampa kipande kila niliposema Simba. Alikula chapati. Simba hakumjua. Nilijaribu kengele ya velo: nikipiga kengele, kipande cha chapati. Kwa kengele aligeuza sikio moja, lile lililolala, jambo nililolihesabu kuwa maendeleo. Watu wa kando ya barabara walisikia mtu mzima anayesukuma velo mlimani akisema Simba, Simba, kwa sauti ya kubembeleza, kisha kengele, kisha kimya, kisha Simba. Chapati ilipokwisha, shule ikafungwa. Alikimbia mbele, furaha tupu, na kila kilele alisimama akanisubiri.

Nilifikiri pia kuhusu kutorudi. Kwenye njia panda ya Kabingo nilisimama muda mrefu kuliko ambavyo kiu ya maji ilihitaji. Lami iliendelea kwenda upande wake, kwa watu wake. Mbwa alikuwa ameshaingia barabara ya vumbi. Hakunitazama hata, alijua nyumbani ni upande gani. Nikamfuata.

Jumatatu, uani kwa mwenyekiti palikuwa na mbwa wengi kuliko nilivyojua kijiji kinao, wengine kwa kamba, wengine kwa mishipi ya suruali, mmoja amebebwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, akisoma karata moja baada ya nyingine. Mkewe alikuwa jikoni, mlango wazi, moshi unatoka. Nyuma ya nyumba uliuona mstari wa mihogo, mrefu na mnyofu.

Zamu yangu ilipofika nilimpa karata kwa mikono miwili.

"Aksanti." Aliisoma. Akaisoma tena. Akashusha miwani. "Simba ni nani?"

"Ni yeye, papa."

"Hii?"

"Ndiyo, papa."

"Mimi naijua hii imbwa tangu ilikuwa inanyonya. Haiitwi Simba. Hii karata ni ya imbwa ingine." Hakuwa amekasirika. Hilo lilinitisha zaidi. "Imbwa ya mutu ni ile inakuja mwenyewe akiiita. Ile haiji, iko ya pori. Iache hapo, wende pale kwa muti, kisha uite Simba yako."

Nilikwenda mpaka kwenye mti wa parachichi mwishoni mwa ua. Mbwa alibaki mbele ya kiti, anajikuna.

"Simba!"

Alijikuna upande mwingine.

"Simba! Njoo!"

"Pengine anajua Kifaransa tu," mama mmoja alisema, na watu wakacheka.

"Ao amelala na masikio!"

"Hapana, ni diplome yake inamufanya asisikie batu ya kawaida!"

Nilikimbilia velo niliyoiegemeza ukutani, nikapiga kengele. Sikio lililolala likasogea. Basi. Mbwa aliutazama ukuta.

"Ata mbuzi zangu zinajua kengele," mwenyekiti alisema. "Muite jina yake."

Kila mtu pale alikuwa anajua. Wote walikuwa wamelisikia jina hilo jioni zote zile, na wote waliogopa kunitazama, wakatazama mbwa wao. Nilifikiri mambo mengi kwa muda mfupi. Nikiita, nimemtukana mwenyekiti uani kwake, mbele ya mkewe, na baba analima shamba lililo jirani na lake. Nisipoita, kopo la sumu lilikuwa pale chini ya kiti, limefunikwa kwa kigae. Na huenda anataka niite ili apate sababu. Na huenda anataka nisiite. Mbwa aliacha kujikuna. Alikuwa ananitazama, kama alivyonitazama pale barabarani.

Niliita, kwa sauti ndogo.

Masikio yote mawili yalisimama.

"Sijasikia," mwenyekiti alisema. "Nguvu."

Nikaita kwa nguvu. Sentensi yote, mpaka mwisho wake mbaya. Kuku walitawanyika. Mbwa alivuka ua kwa mruko mmoja na nusu, akaniwekea miguu kifuani, akanilamba kidevu, na mkia wake ukapiga velo ikaanguka, kengele ikalia yenyewe.

Hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, taratibu, akaivaa tena. "Miaka mingi nasikia kwa ukuta," alisema. "Leo imesemwa mbele yangu." Alichukua kalamu, akakata Simba kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika jina, lote, akisogeza mkono kwa shida kwa sababu nafasi ilikuwa fupi na jina refu. Nililiona. Hakukosea hata herufi.

"Ile sauti yako," aliniuliza akinirudishia karata, "inafika kwetu kutoka kwenu?"

Nilifikiri kusema uongo. "Inafika, papa."

"Basi usimuite saa ya kula."

Kutoka jikoni kicheko cha mkewe kilikuja, kirefu, na hakujaribu kukificha. Mwenyekiti hakugeuka. "Anayefuata," alisema.

Nilifika nyumbani. Mama aliisoma karata, akaziba mdomo kwa kanga, akaenda kuificha ndani ya Biblia. Baba aliuliza kama gia zimekaza.

Jioni ile mbwa aliondoka uani kama kawaida, akaenda kiwanjani. Kila nyumba moshi ulikuwa unapanda. Kwa mwenyekiti nilisikia sahani. Nilitoka na velo, nikapiga kengele mara moja, mbili. Mbali kule sikio moja lilisogea, lakini hakuja. Jina nilikuwa nalo mdomoni, limejaa, na sasa lilikuwa halali yangu saa zote isipokuwa ile.

Nikailaza velo, nikamfuata kwa miguu. Nilipofika nilikaa vumbini karibu naye. Barabara ilikuwa tupu. Tulikaa pale, naye akitazama upande ambao mabasi huendea, nami nikitazama ule ule, mpaka nilipodhani mwenyekiti amekwisha kula na kunawa mikono.